Mama Mkwe, Vifaranga na Kompyuta Iliyokataa Kusahau

Mjini Machakos kuna watu wanaojulikana kwa sura, kuna wanaojulikana kwa magari yao, na kuna Nzuki, ambaye kila mtu anaijua sauti yake na hakuna anayejua kwamba ni yake. Ukipita sokoni ukasikia spika inakubembeleza ununue soksi, huyo ni Nzuki. Ukisonga mbele kidogo ukasikia spika nyingine inakuonya kwamba panya wa kwako wamekuzoea mpaka wanakuita kwa jina, njoo ununue sumu, huyo pia ni Nzuki. Siku moja yeye mwenyewe alipita hapo, akajisikiliza, akashawishika, akanunua pakiti mbili. Kwake hakuna panya hata mmoja.

Studio yake iko nyuma ya duka la dawa za mifugo la Bartholomew. Kuiita studio ni kuiheshimu. Ni chumba ambacho ukija na wazo kubwa inabidi uliache nje. Kuta zimebandikwa trei za mayai kutoka chini hadi juu ili sauti isidunde, na harufu ya dawa ya kupe hupenya kutoka dukani, hivi kwamba mwimbaji akitoka hapo, hakuna mdudu atakayemsogelea wiki nzima.

Nzuki haogopi kazi, haogopi mbwa, haogopi askari wa kaunti. Anamwogopa mtu mmoja tu, naye ni mama mkwe wake.

Si kwamba mama huyo ana ubaya. Kwa Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawabanani mahali padogo. Heshima hiyo inaitwa nthoni. Vijana wengi wa siku hizi wameipunguza makali, wanasalimiana kwa mbali, wengine hata wanatumiana picha za wajukuu kwa simu. Nzuki hakuipunguza. Aliiongeza chumvi. Mwaka aliomwoa Mutheu, alimwona mama mkwe akija kwenye njia ya Kathiani, akaruka ua la watu, akaangukia katikati ya familia iliyokuwa inakula. Ikabidi akae ale. Mara nyingine alimwona sokoni, akajificha ndani ya kabati jipya la fundi, na mteja wa kwanza aliyefungua mlango kukagua mbao alipiga kelele ambazo wapita njia bado wanazizungumzia.

Mama mkwe mwenyewe anaitwa Mama Kitonga; nyumbani humwita mwaitu, yaani mama. Ndiye sauti ya kwanza katika kwaya ya kina mama ya kanisa moja huko juu Kathiani. Akiimba upande huu wa bonde, ng'ombe wa ng'ambo hugeuza shingo. Na hapo ndipo mambo yalipomkalia Nzuki vibaya, maana kwaya hiyo ilitaka nyimbo zake ziwekwe kwenye flashi, ziuzwe Jumapili ya sikukuu ya kanisa, na kazi ya kurekodi alipewa nani? Mkwe wa nyumbani, bila shaka.

Kina mama wote walikuwa wamesharekodi. Ulibaki wimbo mmoja, wa Nuhu na safina, ambao sauti ya kuongoza ni ya Mama Kitonga peke yake. Nzuki alikuwa ameuahirisha kwa visingizio mpaka Mutheu akachoka.

"Baba Ndolo, nisikilize," Mutheu alimwambia. "Nimeongea na binamu yangu Kimeu. Kule viwanda vya nguo vya EPZ wanatafuta watu wa kupiga pasi suruali. Flashi za mwaitu zikitoka Jumapili, sawa, endelea na spika zako. Zisipotoka, Jumatatu unaamka mapema unaenda Athi River."

"Mimi? Kupiga pasi? Na hii sauti yote?"

"Suruali haina mama mkwe. Utaiangalia uso kwa uso mpaka uchoke."

Nzuki alijiona amesimama kwenye mstari wa watu kimya, mbele yake mlima wa suruali, na hakuna hata moja ya kuuzia maneno. Akaenda kupanga na Bartholomew: blanketi zito la miraba lingetundikwa katikati ya studio. Mama Kitonga angekaa upande wa ndani na kipaza sauti, Nzuki angekaa upande wa mlango na kompyuta, mgongo kwa blanketi. Bartholomew angesimama mlangoni kupeleka maneno. Siku ni Ijumaa, mchana.

Ila Ijumaa ndiyo siku Bartholomew huletewa vifaranga. Maboksi kwa maboksi, yote yanalia, na programu ya kurekodi ya Nzuki, iitwayo Audio Nyota, ni ya zamani, inashika kila kelele. Rafiki yake Kibe, anayefanya kazi kwenye saiba ya intaneti huko Syokimau, alikuwa amemtumia toleo jipya akimhakikishia kwamba linafuta hata kikohozi. Basi Ijumaa asubuhi Nzuki akaamua kuondoa programu ya zamani na kuweka mpya. Mtu mwenye akili habadilishi mlango wa nyumba siku ya wageni. Nzuki alikuwa na akili, ila asubuhi hiyo aliiacha nyumbani kwenye chaji.

Akabonyeza kuondoa. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulikuwa umefika katikati, na blanketi bado limekunjwa kwenye kiti, aliposikia sauti dukani.

"Hodi! Hawa vifaranga ni wa kutaga, ama ni wa kula tu na kunya?"

Mama Kitonga alikuwa amekuja mapema, tena sana.

Nzuki hakufikiri. Miguu ilifikiri kwa niaba yake. Alipiga mbizi chini ya meza kama chura aliyeona nyoka, na kisigino chake kikaubeba waya wa umeme njiani. Plagi ikatoka ukutani. Kompyuta ikapumua mara moja, ikazima.

Bartholomew akaingia mbio, akatundika blanketi kwa misumari, akampitisha mama upande wa ndani huku Nzuki akihesabu vumbi chini ya meza. Mama Kitonga akaketi. Mapajani alikuwa amepakata boksi la vifaranga aliowanunua sasa hivi, na alipoambiwa aliache dukani alikataa kabisa.

Nzuki akatambaa nje, akachomeka plagi, akawasha. Picha ya Audio Nyota ilikuwa imegeuka karatasi nyeupe tupu. Akajaribu kuweka programu mpya. Kompyuta ikamwambia: toleo la zamani bado lipo, liondoe kwanza. Vizuri. Akaenda kuliondoa. Kompyuta ikamwambia: haliwezi kuondolewa, halipo.

"Sasa liko ama haliko?" Nzuki akanong'ona.

Akajaribu tena. Lipo. Akageuka kuliondoa. Halipo. Ilikuwa kama kumtafuta mwenye nyumba siku bomba limepasuka.

Akampigia Kibe, akiongea kwa sauti ya chini ili asisikike ng'ambo ya blanketi. Lakini trei za mayai huzuia mwangwi tu. Masikio ya kina mama hayana habari nazo.

"Niaje Nzuki," Kibe akasema. "Aah, buda, hiyo ni rejista. Programu imeenda, jina limebaki kwa rejista."

Rejista, kwa asiyeijua, ni kumbukumbu ya ndani ya kompyuta: programu gani inakaa wapi, inafungua nini, imepewa ruhusa na nani. Ni kama yule jirani wa ploti anayejua kila mtu alihamia lini na ana sufuria ngapi. Ukihama kwa adabu, anakusahau. Ukikatika njiani, anaendelea kuwaambia watu kwamba uko, umetoka kidogo tu.

"Sasa nifanye nini?"

"Fungua rejista, tafuta neno audio. Kila ukiipata, futa. Tafuta tena, futa. Chinja bila huruma. Ukiacha mizizi, itachipuka."

Kibe alikuwa amesoma diploma ya kompyuta nusu. Bahati mbaya, nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa na rejista.

Nzuki akachinja. Mwanzoni kwa woga, halafu kwa raha, kisha kwa kiburi kabisa. Kila mahali palipoandikwa audio, akafuta. Mengine kompyuta ilimuuliza kama ana hakika, akaijibu kwa kidole kwamba ana hakika kama jua la Yatta. Alipomaliza akazima, akawasha, akakuta ile alama ndogo ya spika pembeni mwa skrini imewekwa msalaba mwekundu.

Akajaribu kucheza tangazo la soksi. Kimya. La panya. Kimya. Hata ule mlio wa kompyuta wa kujisalimia haukuja.

"Kibe, saa hii haina sauti kabisa."

"Ulifuta gani?"

"Zote za audio."

"Zote? Hata za kompyuta yenyewe?"

"Si ulisema nichinje!"

"Nilisema uweke kopi ya rejista kwanza."

"Hukusema!"

"Basi nilikuwa karibu kusema. Tulia buda, kuna mteja hapa, nakupigia." Akakata.

Nzuki akabaki anautazama ule msalaba mwekundu. Ulikuwa unafanana na alama ya kaburi, na juu ya kaburi hilo aliona suruali zimepangwa, zimepigwa pasi vizuri, zinamngoja.

Wakati huo huo, mtu akaingia dukani akipiga kelele kwamba ng'ombe wake amevimba tumbo kama ngoma. Bartholomew akabeba chupa zake akatoka mbio. Studio ikabaki na Nzuki, mama mkwe wake, blanketi, na hakuna mtu wa kupeleka maneno.

Wakakaa. Vifaranga wakalia. Mama Kitonga akakohoa kikohozi cha mtu mwenye mambo ya kusema na asiye na pa kuyapitishia. Mwishowe akainamia boksi.

"Nyinyi vifaranga," akasema, "hebu mwulizeni huyo aliye nyuma ya blanketi: tunaimba leo, ama tunangojea Nuhu aje mwenyewe?"

Nzuki hakuwa na vifaranga. Akaigeukia skrini.

"Wewe kompyuta, waambie hao vifaranga wamwambie mwaitu kuna kitu kidogo kinatengenezwa."

"Vifaranga, mwambieni hiyo kitu kidogo nimeisikia ikitengenezwa. Imekufa."

"Kompyuta, sema haijakufa. Imezimia tu."

"Vifaranga, mwambieni hata Farao alisema hivyo hivyo akiwa ndani ya maji." Mama Kitonga akajiweka sawa kwenye kiti. Alikuwa ameanza kuona raha ya mfumo huu mpya wa mawasiliano. "Na mkimaliza, mkumbusheni Pasaka. Nimetoka kanisani mapema, nakuta mtu ameruka dirisha la jikoni kwangu. Hakuaga. Ameacha kiatu kimoja, ameacha chapati nusu na alama ya meno. Halafu kidogo kidogo anaingia kwa geti, mguu mmoja kiatu, mwingine soksi, anasalimia watu upya kama mtu anafika saa hii! Mgeni gani huyo? Jikoni bado yuko, kwa geti ndio anaingia!"

"Kompyuta, omba msamaha," Nzuki akasema kwa huzuni.

"Mtu hawezi kuingia upya kama hajatoka. Ingekuwa mimi, ningemrudisha jikoni kwanza! Avae kiatu, amalize chapati yake, aombe, asindikizwe hadi kwa geti kama mtu wa heshima. Ndio sasa akitaka aingie tena, aingie. Lakini kuchomoka katikati hivyo na kurudi hivyo, hapana. Vifaranga, nimesema uongo?"

Vifaranga walisema hakusema uongo.

Nzuki alikuwa ameshika kichwa kwa aibu, mara akakiachilia. Akaitazama kompyuta. Programu iliyochomoka katikati. Kiatu kimeachwa ndani. Akampigia Kibe tena.

"Kibe, kuna njia ya kuirudisha jikoni?"

"Kuirudisha wapi?"

"Mashine yote. Vile ilikuwa asubuhi, kabla sijagusa kitu."

"Aah! Hiyo iko! Kabla programu iondolewe, huwa mashine inajiwekea alama. Unaiambia irudi kwa hiyo alama, na rejista yote inarudi vile ilikuwa. Nyimbo zako haziguswi."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Buda, hukuuliza."

Kibe akamwelekeza mahali pa kubonyeza. Alama ilikuwapo, ya asubuhi ile ile. Nzuki akabonyeza, na skrini ikaonya kwamba mtu yeyote asizime mashine mpaka kazi iishe. Akashuka sakafuni, akaketi karibu na ukuta, akaishika ile plagi kwa mikono miwili kama mtu anayemshika mtoto wa wenyewe.

"Kompyuta, mwambie mwaitu inarudi jikoni. Tungoje kidogo."

"Basi tuombe," Mama Kitonga akasema, na safari hii hakuwatumia vifaranga, kwa sababu Mungu hana nthoni.

Aliombea kwaya. Aliombea mvua na mahindi ya Kathiani. Aliombea ng'ombe aliyevimba tumbo, akaomba gesi itoke kwa njia iliyopangwa. Aliwaombea wanaume wote wanaoruka madirisha, wapewe ujasiri wa kutumia mlango. Kompyuta ilimaliza kurudi, ikajizima, ikajiwasha, ikangoja, na yeye bado yuko kwa wajukuu.

"Amina," hatimaye akasema.

Nzuki akainuka. Msalaba mwekundu haukuwapo. Picha ya Audio Nyota ilikuwa imerudi na rangi zake, imekaa mahali pake. Akacheza tangazo, na chumba kikajaa sauti yake mwenyewe ikimtangazia soksi. Alitaka kulia.

Sasa angeweza kuisindikiza programu ya zamani kwa adabu na kuweka mpya. Kidole kilifika mpaka kwenye kitufe. Akakumbuka suruali. Akakiondoa kidole polepole. Mgeni aliyerudi jikoni na kuikuta chapati yake, mwache ale.

"Kompyuta, waambie vifaranga watoke nje kidogo, hii programu inashika kila sauti."

"Vifaranga, mwambieni hamtoki. Bartholomew ananijua, nami namjua. Nikiwaacha, nitarudishiwa wagonjwa."

Basi wakarekodi hivyo hivyo. Mama Kitonga akavaa vipokea sauti vya masikioni, akasikia kwaya yake ikianza, akasimama na boksi lake kifuani, akafungua kinywa.

*Nuhu funga mlango, wingu limejaa,*
*wa nyuma ni nani, mbona anakawia?*

Trei za mayai zilitetemeka. Kwenye skrini mistari ya sauti ilipanda kama vilima vya Iveti. Nzuki, mgongo kwa blanketi, alisahau hofu yake yote. Ilikuwa sauti nzuri kuliko yoyote iliyowahi kuingia mle, na yeye ndiye alikuwa anaishika.

Lakini hakuna mwanakwaya anayeimba bila kuyumba. Ubeti wa pili Mama Kitonga aliyumba kulia, wa tatu akayumba kushoto, kiwiko kikaliingia blanketi, misumari ikasalimu amri. Blanketi likaanguka lote. Boksi likapinduka. Vifaranga wakamwagika sakafuni kama mahindi kutoka gunia lililotoboka.

Mama Kitonga hakuacha kuimba. Aliyeanza kuongoza haachi, hata paa likianguka. Nzuki aliona kwa pembe ya jicho ncha za viatu vyeusi vya kanisa, na magoti yake tayari yakaanza kukunjika kuelekea chini ya meza. Huko chini vifaranga walikuwa wameufikia waya wa umeme, mmoja anaudonoa, mwingine ameupanda. Plagi ilikuwa imelegea tangu asubuhi. Akipiga mbizi, umeme unakatika, wimbo unakwenda, na Jumatatu ni Athi River.

Akafunga macho.

Aliyafunga kama mtu aliyepakwa pilipili. Akabaki kitini, wima, mguu mmoja umeikanyagia plagi ukutani, kidole kimoja kikingoja juu ya kitufe cha kuhifadhi, uso umekunjamana kama embe lililokauka. Kifaranga mmoja alimpanda pajani. Mwingine, Mungu anajua kwa njia gani, alifika begani. Hakupepesa. Hakuwa na cha kupepesa.

Mama Kitonga alimwona vile. Akavuta leso yake usoni, akageukia ukuta na kipaza sauti chake, akaumaliza wimbo akiziimbia trei za mayai, mpaka safina ikafungwa na mvua ikanyesha. Nzuki akabonyeza kitufe kwa kukumbuka tu kilipo.

Kisha akasikia viatu vikizunguka, na vifaranga wakikusanywa mmoja mmoja. Wa mwisho alichukuliwa begani mwake kwa vidole viwili, kwa uangalifu mkubwa.

"Wewe kifaranga," sauti ikasema pale juu, "hapo si kiota. Hapo ni mkwe wa watu anafanya kazi."

Bartholomew alirudi akinuka tumbo la ng'ombe, akamkuta bado amefunga macho. "Fungua, wewe," akamwambia. "Amefika stendi kitambo."

Jumapili kule Kathiani, spika zilifungwa nje ya kanisa ili watu wasikie kabla ya kununua. Nzuki alijiweka nyuma ya tangi la maji. Wimbo wa Nuhu ukaanza. Ulipofika mahali ambapo wanyama wanaingia safinani wawili wawili, kukasikika, wazi kabisa, chini ya sauti ya Mama Kitonga: *chii, chii, chii.* Kisha vurugu, mabawa, kitu kikianguka, *chii chii chii* nyingi zaidi, na sauti ikiendelea juu yake bila kutikisika.

Watu wakageuka kuzitazama spika. Nzuki alianza kufikiria kuhusu pasi, kama ile ya EPZ ni ya mvuke.

Halafu mama mmoja akapiga vigelegele. "Hata wanyama wanaingia!" akasema. "Sikieni safina inajaa!" Meza ya flashi ikazingirwa. Hata wazee ambao hawana mahali pa kuchomeka flashi walinunua, wakaziweka mfukoni.

"Mimi ndio nilisema vifaranga wasitoke," Mama Kitonga alikuwa anamwambia kila mtu, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Mutheu akaja nyuma ya tangi, amejikaza asicheke. "Nimetumwa. Mwaitu anasema Kimeu atafute mtu mwingine wa suruali."

Nzuki akatoa pumzi aliyoishika tangu Ijumaa.

"Anasema pia wimbo ujao ni wa Yona. Anauliza samaki utamtoa wapi."

Nzuki akainua kichwa kidogo juu ya tangi aulize swali, akaona kofia ya mama mkwe inakuja upande ule ule. Akainama haraka. Lakini safari hii alitazama kwanza kama kuna waya karibu na mguu.